MDOMO UKIFA GANZI, USIKIMBILIE KUNG'OA JINO!

Na Mwandishi wa Kujitegemea, Sumbawanga

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea hebu fanya jambo moja. Gusa kidevu chako kwa ncha ya kidole, upande wa kulia kisha wa kushoto. Gusa na mdomo wa chini, pande zote mbili. Unasikia sawasawa? Kama unasikia, shukuru Mungu na uendelee kusoma. Kama upande mmoja umekufa ganzi kwa wiki kadhaa, na hakuna aliyekuchoma sindano ya jino wala hujaanguka na bodaboda, basi makala haya yanakuhusu wewe kuliko mtu mwingine yeyote hapa mjini.

Najua utacheka. Sisi vijana wa Sumbawanga tumezoea kuchekwa na kucheka. Ukifika Dar ukasema unatoka Sumbawanga, watu wanasogea pembeni na kukuuliza kama radi yako umeiacha nyumbani. Wazee wanatuambia jina la mji wetu maana yake ni kutupa uchawi, lakini huko nje wamelipindua, wanafikiri sisi ndio kiwanda. Utani ni utani. Ubaya ni kwamba na sisi wenyewe tunaanza kuuamini. Mtu akifa ganzi nusu ya kidevu, kijiweni hakuna anayetaja hospitali. Anatajwa jirani. Anatajwa shangazi. Anatajwa yule mliyegombana naye kwa ajili ya kiwanja kule Chanji.

Na yule anayejiona mjanja, ambaye haamini mambo hayo, anafanya nini? Anakwenda kung'oa jino!

Mimi si daktari. Nimeishia kidato cha nne, na kazi yangu ni kuuliza na kuandika. Kwa hiyo nieleweke vizuri: sisemi kila ganzi ni kansa. Jino la mwisho likitolewa, mshipa unaweza kujeruhiwa. Usaha ukijaa ndani ya taya, ganzi inaweza kuja. Taya likivunjika, vivyo hivyo. Kuna na kiharusi, ambacho huja ghafla na kupindisha mdomo, na hicho hakihitaji kusomewa gazeti, ni kukimbiza mtu hospitali saa hiyo hiyo. Ninayoizungumzia mimi ni ganzi ya pole pole. Inaanza mahali padogo, inatulia, inapanuka. Wengine hawaiti ganzi. Wanasema ni kama sisimizi wanatambaa chini ya ngozi, au kama umeme unapita kwenye taya, halafu dawa ya maumivu haigusi kitu. Madaktari wana msimamo mkali kuhusu jambo hili: kidevu kikifa ganzi bila sababu inayojulikana, hukitilia shaka kuwa ni dalili ya ugonjwa mbaya mpaka ithibitike kwamba siyo.

Kwa nini? Hapo ndipo penye habari yetu ya leo.

Kansa ya kinywa tunaifahamu kwa sura. Donda kwenye ulimi au ufizi lisilopona wiki tatu. Doa jeupe au jekundu lisilofutika. Jino linalolegea lenyewe bila kuoza. Kidonda cha jino lililong'olewa kinachokataa kufunga. Wanaoileta nao tunawafahamu, maana tunakaa nao meza moja: sigara ya kununua mojamoja, ugoro, kuberi inayobanwa chini ya mdomo, na pombe kali. Viroba vilipigwa marufuku mwaka 2017, lakini kiu haikupigwa marufuku. Tumbaku na pombe kali vikikutana katika kinywa kimoja, hatari haijumlishwi, inazidishwa. Ndugu zetu wenye ualbino wana adui mwingine wa ziada, jua, ambalo huleta kansa ya ngozi ya uso na mdomo wa chini, nayo inaweza kutumia njia ile ile nitakayoieleza sasa hivi.

Utaniambia: bwana, ugonjwa huo ni wa wazee. Ni kweli, kwa kawaida huwakuta watu waliokwisha kuvuka miaka 40. Lakini nikuulize swali. Baba yako akitoka Laela au Matai na donda mdomoni, nani anatumwa kumpeleka hospitali? Ni wewe. Wewe ndiye mwenye simu, wewe ndiye unayesoma fomu, wewe ndiye unayepanga foleni dirishani na kutafuta dawa kwenye maduka ya mjini. Daktari akisema jambo, wewe ndiye unayelibeba kwenda nyumbani. Nawaandikia wagonjwa watarajiwa, ndiyo, lakini zaidi nawaandikia wasindikizaji.

Sasa sikiliza jinsi kansa inavyosafiri. Ile barabara yake kuu inajulikana: inatoka kwenye donda, inaingia kwenye tezi za shingoni, halafu inaendelea mbele. Tezi zile ni kama kituo cha forodha. Ndiyo maana daktari hupapasa shingo. Akikuta zimevimba anajua mzigo umekwisha kupita pale.

Lakini mtu yeyote anayeijua Kasesya, au aliyewahi kukaa Tunduma siku mbili tu, anajua kwamba gunia la mahindi si lazima lipite getini. Kuna njia za panya. Na kansa ya kinywa nayo ina njia yake ya panya, ambayo ni mshipa wa fahamu. Siyo mshipa wa damu, ni ule unaobeba hisia, ambao shuleni tuliuita neva. Seli za kansa hujipenyeza kwenye ala inayouzunguka mshipa, kisha huufuata mshipa huo kama mtu anayetembea ndani ya mtaro. Hazionekani kwa nje. Shingo iko safi, forodha haina taarifa, donda lenyewe pengine ni dogo kama sarafu, kumbe mzigo umekwisha kuvuka mpaka.

Mshipa wenyewe una anwani. Unaitwa wa tano kati ya mishipa ya kichwa, na una matawi matatu. Tawi la juu linakwenda kwenye jicho na paji la uso. La kati linahudumia shavu, mdomo wa juu, kaakaa na meno ya juu. La chini ndilo hasa la habari yetu. Linatoka ndani ya fuvu kwa kupitia tundu lenye umbo la yai, linateremka, linatoa kijitawi cha ulimi, kisha linaingia ndani ya mfupa wa taya kwa upande wa nyuma. Humo ndani linapita kwenye mfereji chini ya mizizi ya meno, mpaka linatokeza tena nje kwa kitundu kidogo karibu na magego ya mbele, ndipo linasambaa kidevuni na kwenye mdomo wa chini.

Umeona basi? Kidevu kikifa ganzi, tatizo si lazima liwe kidevuni. Linaweza kuwa mahali popote katika safari ile, kuanzia kwenye ufizi mpaka sakafu ya fuvu. Na ndiyo maana kung'oa jino hakusaidii, maana jino ni jirani tu aliyejenga kando ya mfereji.

Jambo hili lina uzito gani? Lina uzito wa maisha ya mtu. Daktari wa upasuaji akilikata donda lote vizuri, akaacha mshipa ambao umekwisha kuingiliwa, mgonjwa atarudi nyumbani akiwa na furaha na mshono. Baada ya miezi, ugonjwa unachomoza mahali pengine kabisa: shavuni, nyuma ya jicho, ndani ya fuvu. Familia inasema kansa imerudi. Haikurudi. Haikuwahi kuondoka, ilikuwa imejificha njiani. Lakini kama madaktari wakijua mapema kwamba mshipa umeguswa, mpango wote unabadilika. Wanaamua wakate mpaka wapi, au kama kisu kina faida yoyote. Na wale wa tiba ya mionzi wanajua kwamba hawatapiga donda peke yake, bali wataufuata mshipa mpaka kwenye tundu lake.

Sasa watajuaje? Hapa ndipo vinapoingia vipimo vya picha, na hapa naomba utulivu kidogo, maana mjini watu wanataja majina ya mashine kama wanavyotaja majina ya wachezaji wa Ulaya.

Eksirei ya kawaida, hata ile inayozunguka taya zima, inaona mfupa. Mshipa haiuoni. Inaweza kuonyesha mfereji wa taya umepanuka au mfupa umeliwa, lakini wakati huo mambo yamekwisha kuharibika sana, maana mfupa hupoteza karibu theluthi ya madini yake, au zaidi, kabla eksirei haijaona tofauti. Kwa hiyo ukiambiwa eksirei haina kitu, usifunge mjadala.

Altrasaundi inasaidia kuangalia tezi za shingo. Haifiki kwenye sakafu ya fuvu, kwa sababu mfupa unaizuia.

CT scan ni eksirei pia, lakini inazunguka na kumkata mgonjwa vipande kwa macho, kama mkate wa siagi. Kwa mfupa ni hodari sana. Tundu la yai upande wa kushoto likiwa pana kuliko la kulia, au kingo zake zimechakaa, CT itasema. Hapa niweke maneno mawili ya pembeni, kwa faida ya wanaodhani kila kitu kimetoka Ulaya: hesabu iliyowezesha CT ilifanyiwa kazi na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyeanza kulifikiria jambo hilo mwaka 1956 alipokuwa akisaidia kitengo cha mionzi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Mwaka 1979 alipewa Nobeli pamoja na Mwingereza Godfrey Hounsfield aliyeiunda mashine. Kwa hiyo tusiiogope, ni ndugu yetu kwa upande wa ujombani.

MRI ndiyo mfalme wa jambo hili. Haitumii mionzi, inatumia sumaku kubwa, na inaona nyama laini kuliko zote. Mgonjwa huchomwa dawa ya gadolini kwenye mshipa wa damu ili picha ing'ae. Mshipa wa fahamu ulioingiliwa na kansa huonekana umenenepa na kung'aa kuliko mwenzake wa upande wa pili. Lakini dalili ninayoipenda mimi, kwa jinsi ilivyo ya kipelelezi, ni ya mafuta. Kwa kawaida mshipa unapotoka kwenye tundu lake huwa umezungukwa na mafuta kidogo, na kwenye picha mafuta yale yanaonekana meupe. Yakitoweka upande mmoja, msomaji wa picha anajua kuna mgeni amekaa pale. Ipo na dalili ya misuli. Tawi lile la chini ndilo linaloendesha misuli ya kutafunia. Likiuawa, misuli ya upande huo hukonda na kugeuka mafuta, na MRI inaonyesha hata kama mgonjwa mwenyewe hajaona kwamba shavu limebonyea.

Msinifanye mpiga debe wa mashine, lakini. Vijishipa vidogo sana vilivyo ndani ya donda MRI haivioni. Hivyo huonekana kwa hadubini tu, baada ya kukatwa kinyama na kupelekwa maabara kwa mtaalamu wa patholojia. Wapo pia wagonjwa ambao mshipa umeingiliwa na wao hawasikii ganzi yoyote. Kwa hiyo picha safi haina maana kwamba kinyama kisikatwe, na kinyama kikikatwa haina maana kwamba picha isipigwe. Vyote viwili vinahitajika, na anayekuambia kimoja kinatosha anataka kukuokolea muda wake.

Sasa nifike kwenye hoja yangu yenyewe, ambayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Picha hujibu kile ilichoulizwa. Mashine haijui unaumwa nini. Inaelekezwa na mtu, na mtu huyo anaelekezwa na karatasi. Kama fomu ya kipimo imeandikwa "uvimbe wa taya" na basi, fundi mitambo atapiga taya na kuishia hapo, na msomaji wa picha ataangalia taya. Sakafu ya fuvu, lile tundu la yai, pengine halimo hata kwenye picha! Na kama limo, hakuna aliyemwambia aliangalie. Ni kama polisi wa doria aliyeambiwa akae getini. Atakaa getini. Lakini fomu ikiandikwa "donda la ufizi, ganzi ya kidevu upande wa kushoto miezi miwili", kila kitu kinabadilika: picha inapigwa kuanzia kidevuni mpaka sakafu ya fuvu, inapigwa na dawa, na msomaji anaufuata mshipa hatua kwa hatua.

Neno moja, ganzi, limefanya kazi ambayo mashine ya mabilioni isingeweza kuifanya yenyewe. Na neno hilo hutoka wapi? Hutoka kwa mgonjwa, au kwako wewe msindikizaji. Mzee wetu hatalisema. Mzee wa Kifipa akiulizwa anaumwa nini atataja kinachomuuma, na ganzi haiumi! Ataona ni aibu kumpotezea daktari muda kwa kitu kisichouma. Daktari naye ana watu 60 nje ya mlango. Kwa hiyo neno linabaki njiani.

Kulipima neno hilo hakuhitaji umeme. Kipande cha pamba kinatosha. Mgonjwa afumbe macho, uguse kidevu na mdomo upande huu na upande ule, aseme kama anasikia sawa. Halafu aume meno kwa nguvu na wewe ushike mashavu yake karibu na masikio, usikie kama misuli inakaza sawa pande zote.

Afrika ya Mashariki hii hii iliwahi kuufundisha ulimwengu jambo hilo. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji mwenye jicho moja aliyefanya kazi Mulago, Kampala, aliandika mwaka 1958 kuhusu uvimbe wa taya za watoto. Ule ni ugonjwa mwingine, ingawa nao unaweza kukiua ganzi kidevu. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakasafiri kama maili 10,000 mpaka kusini mwa Afrika, wakipita na Tanganyika, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine na kuuliza swali lile lile: mmewahi kuona ugonjwa huu? Hawakuwa na CT wala MRI. Kwa maswali tu walichora ramani, wakaonyesha kwamba ugonjwa ule unapenda mabonde yenye joto na unyevu na hauendi kwenye nyanda za juu zenye baridi. Swali kwanza, mashine baadaye.

Tuje kwa waheshimiwa. Mwaka 2021 Serikali ilichukua mkopo wa IMF, kiasi cha dola milioni 567, ule tuliousikia kwa jina la trilioni 1.3 za UVIKO. Sehemu ya fedha hizo ilinunua vifaa vya uchunguzi, zikiwemo CT scan kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Ni jambo jema, na anayesema si jema ana lake. Kabla ya hapo mwananchi wa bara la ndani kama huku kwetu alikuwa akiota tu.

Lakini sisi tumezoeshwa kushangilia utepe ukikatwa. Mashine imefika! Vigelegele, ngoma, picha ya pamoja, watu wanatawanyika. Mimi nasema utepe siyo huduma. Diwani au mbunge akija kwenye mkutano, usimuulize kama mashine ipo. Swali hilo anajua kulijibu tangu akiwa usingizini. Muulize mengine. Ile dawa ya kung'arisha picha ipo mwaka mzima, au mgonjwa anaambiwa akainunue? Umeme ukikatika inakuwaje? Ikiharibika, fundi anatoka wapi na kwa siku ngapi? Na kubwa kuliko yote: nani anaisoma picha?

Kwa maana kupiga picha ni kazi moja na kuisoma ni kazi nyingine. Madaktari bingwa wa radiolojia nchini ni wachache, na hawatajaa mikoani kwa mwaka mmoja. Hilo naelewa, halihitaji kutukanana. Lakini picha za siku hizi ni za kidijitali. Zinaweza kutumwa na kusomwa na bingwa aliye Muhimbili wakati mgonjwa bado amekaa kwenye benchi hapa hapa Sumbawanga. Isafiri picha, mgonjwa apumzike! Kuna sababu gani mzee aliyetoka Mtowisa, bondeni Rukwa, apande mlima, alale mjini, kisha apelekwe Mbeya zaidi ya kilometa 300, kwenda kusomewa picha ambayo ingeweza kwenda peke yake kwa sekunde chache?

Kwa MRI lazima mtu asafiri, nakubali. Mashine hizo ziko kwenye hospitali kubwa za taifa na za kanda. Muhimbili ipo. Tiba ya mionzi nayo ipo Ocean Road, Dar es Salaam, taasisi iliyoundwa kwa sheria mwaka 1996 ndani ya majengo yaliyoanzishwa na Wajerumani, na ipo Bugando, Mwanza. Kutoka kwetu hadi Dar ni zaidi ya kilometa 1,000. Lami ya Tunduma hadi Sumbawanga ilijengwa kwa msaada wa Wamarekani wa MCC, kwa hiyo siku hizi matope siyo kisingizio. Kisingizio ni nauli, chakula na mahali pa kulala. Sera imeiweka kansa miongoni mwa magonjwa yenye msamaha wa gharama za matibabu. Lakini msamaha haupandi basi! Haulipi gesti ya Mbezi, haununui uji wa mgonjwa asiyeweza kutafuna. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na katika hilo pia kuna swali la kumuuliza mheshimiwa: je, MRI ya mgonjwa wa kansa inalipiwa yote, au mwananchi anatoa nusu, na nani anamlipia msindikizaji?

Wapo watakaosema safari hizo ni ndefu mno kwa walalahoi. Ndugu zangu, mwaka 2011 tulikodi magari nchi nzima kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500. Watu walikaa foleni za kilometa na kilometa, wengine wakafia njiani. Sisemi hayo kwa kejeli, wagonjwa walikuwa wanatafuta uzima. Nasema tu kwamba mtu akiamini kwamba huko mbele kuna jibu, ukoo unachanga na gari linapatikana. Wagonjwa wengi wa kansa nchini hufika hospitali ugonjwa umekwisha kukomaa, na siyo wote waliocheleweshwa na nauli. Wengi walipoteza miezi ya kwanza wakizunguka na dawa za meno, za kusukutua, za kuchanjia.

Kwa hiyo, bwana msindikizaji, siku ikifika, usiende mikono mitupu. Andika kwenye karatasi tarehe donda lilipoonekana na tarehe ganzi ilipoanza. Ukiwa ndani kwa daktari, mzee akimaliza kusema, omba ruhusa useme: shikamoo daktari, naomba kuongeza jambo, upande huu hasikii. Sema kwa heshima, lakini usitoke mpaka uone limeandikwa kwenye fomu. Uliza kama picha itafika mpaka sakafu ya fuvu. Daktari mzuri hatakasirika, atashangaa tu umejuaje, na wewe mwambie umesoma gazetini.

Kama ni MRI, yapo ya kusema kabla ya kuingia. Mwenye ugonjwa wa figo aseme, kwa ajili ya ile dawa ya gadolini. Mwenye chuma chochote mwilini aseme. Na hapa nawaambia hasa mafundi wa kuchomelea na wa gereji: cheche iliyowahi kuingia jichoni ikabaki ni chuma, na sumaku ile haitanii, inaweza kukivuta na kuliharibu jicho. Meno ya bandia yenye chuma yavuliwe, yanachafua picha pale pale panapotafutwa.

Majibu yakitoka, chukua picha zenyewe pamoja na karatasi ya maelezo, maana daktari wa Mbeya au wa Dar atataka kuziangalia kwa macho yake, na usipokuwa nazo atalazimika kupiga upya, kwa fedha zako. Kama wamekuwekea kwenye flashi, tafadhali sana, usije ukaifuta njiani ukaweka singeli.